Nilianza na difu, nikaishia kwenye tairi

Juzi jamaa yangu kaniuliza, eti kwenye gari inayovuta kwa mbele anunue LSD kwanza (difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake) ama tairi kwanza. Nikaanza kumjibu kwa meseji, ya kwanza, ya pili, kufika ya saba nikaona hapana, hii ishakuwa ndefu, bora niimwage hapa na wengine wasome. Hii njia mi nimeipita ila nimeipita kinyumenyume, yaani karibu kila nilichomwambia asifanye nilishakifanya mwenyewe na hela yangu ikatoka.

Gari yenyewe ni hachibeki ya milango mitatu, lita 2, haina tabo, farasi kama 200 hivi, gia 6 za mkono. Kiwandani ilitoka na difu ya kawaida, ile seti ya gia inayogawa nguvu ya injini kwa tairi ya kushoto na ya kulia. Barabarani sina malalamiko, shida inaanza nikiipeleka uwanja wa mbio, unatoka kona ya gia ya pili, unakanyaga mafuta, tairi ya ndani inaanza kulia na kuzunguka bure, mshale wa RPM unapanda kama umekanyaga klachi na gari haiendi. Wenye gari za hivi wote wanaijua hiyo sauti.

Difu ya kawaida inagawa torki (nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa Nm) sawasawa kushoto na kulia, muda wote. Watu wanasema "nguvu yote imekimbilia tairi moja" lakini sio hivyo, kilichokimbilia tairi moja ni mizunguko, torki ni ile ile pande zote mbili na kiasi chake kinaamuliwa na tairi dhaifu. Kwenye kona uzito unahamia nje, ya ndani inabaki nyepesi. Tuseme ya ndani inabeba Nm 100 tu kabla haijateleza, basi ya nje nayo inapewa 100 hata kama ina uwezo wa 300. Jumla 200, na ukizidi kukanyaga unaongeza moshi tu.

LSD inakataa huo usawa. Hapo ndo kila mtu anakwambia weka LSD, na mi nikaweka.

Nilipata ya plati, imetumika, aina ya njia moja na nusu (hizo aina nitazieleza huko chini), bei ikanipendeza nikabeba. Sikuuliza prilodi yake, yaani mkazo wa kuanzia, ni kiasi gani, sikuuliza ilikuwa kwenye gari ya namna gani, na kubwa kuliko yote, tairi nilizokuwa nazo zilikuwa zile za safari ndefu, ngumu, tredwea (namba ya kuonyesha tairi inadumu kiasi gani) juu ya 400, nimezinunua kwa sababu zinadumu. Fundi kaifunga, nikatoka nayo, na nakumbuka kona ya kwanza kabisa nje ya gereji usukani ulinirudi mkononi kama kuna mtu anashindana na mimi. Kwenye kupaki inagonga, ko ko ko, watu wanageuka kuangalia. Ila hayo nilishaambiwa nikasema poa.

Uwanjani ndo nikachoka. Tairi ya ndani haipigi spini peke yake tena, sasa zinapiga zote mbili pamoja! Na zikipiga zote mbili gari haina tena tairi ya kushika kona, inanyooka tu, unakata usukani inakwenda mbele, andastia ya kukukatisha tamaa. Mvua ikinyesha ndo kabisa, ukigusa mafuta pua inatoka nje ya msitari. Kwenye difu ya kawaida angalau ile ya ndani ikiteleza ya nje ilikuwa bado imeshika kazi ya kukunja kona, sasa hivi zote zinaachia kwa mpigo. Nikailaumu difu miezi mitatu mizima, nikaiita kila jina, nikaiuza.

Kumbe difu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, ilikuwa inapeleka torki kwenye tairi ya nje kama inavyotakiwa, ila tairi yenyewe ya nje haikuwa na pa kuiweka.

Nilikuja kulielewa hilo baadaye nilipofunga tairi laini kabla sijapata difu nyingine, nikarudi na ile ya kawaida ya kiwandani kwa muda. Nilitegemea spini ya ndani itapungua. Ikaongezeka! Nikakaa chini kabisa nikajiuliza inakuwaje tairi inayoshika zaidi ipige spini zaidi. Jibu ni kwamba tairi nzuri inakuwezesha kuingia kona kwa spidi kubwa zaidi, spidi kubwa zaidi inahamisha uzito mwingi zaidi kwenda nje, tairi ya ndani inakuwa nyepesi kuliko zamani, na difu ya kawaida inamsikiliza huyo huyo mnyonge. Ya nje kule inashika kama gundi, ina uwezo mwingi wa akiba, hakuna anayeutumia.

Kwa hiyo jibu langu kwa jamaa likawa hivi: chagua tairi kwanza, sio kwa sababu LSD haina maana, ila kwa sababu tairi ndo itakayokwambia unahitaji LSD ya aina gani na kali kiasi gani. Ukianza na difu unakisia.

Haya, tairi. Kwenye gari ya kuvuta mbele zile mbili za mbele zinafanya kazi zote: zinavuta, zinakunja kona, na zinabeba sehemu kubwa ya breki. Tairi ina bajeti moja ya kushika, ukiitumia yote kwenye kukunja kona hubakiwi na kitu cha kuvutia, na kinyume chake. Ndo mana huku mbele kila kidogo unachoongeza unakisikia mara moja.

Watu wengi wanaanzia kwenye namba ya tredwea ile iliyoandikwa ubavuni. Isome ila usiiabudu. Ni mfumo wa Marekani, na anayeipa tairi namba ni kampuni yenyewe baada ya kuipima, kwa hiyo 200 ya huyu sio 200 ya yule. Hankook Ventus RS4 ni 200 na Yokohama Advan A052 nayo ni 200, lakini ukizifunga gari moja hiyo A052 inashika zaidi kwa mizunguko michache na inaisha haraka, RS4 inavumilia kupigwa siku nzima. Michelin Pilot Sport 4S ni 300, hiyo unaendea kazini kwenye mvua na jumamosi unaipeleka uwanjani, haitakupa muda wa rekodi ila haitakuua. Toyo R888R ni 100, hiyo inataka joto, ikiwa baridi na kuna maji barabarani ni kama umefunga sabuni. Mi nilichagua kundi la 200 linalovumilia joto kwa sababu gari yangu hiyo hiyo ndo naendea kila mahali, na sikutaka kubadilisha tairi kila nikitaka kucheza.

Upana nao ulinichanganya. Gari ilikuja na 205/45R17. Nikasema pana ndo nzuri, nikaweka 225/45R17, ikaonekana imejaa vizuri kwenye rimu, picha safi. Lakini piga hesabu: kipenyo cha ile ya kwanza ni milimita 616, ya pili 634. Ni kama nimerefusha gia zote kwa karibu asilimia 3, gari isiyo na tabo hiyo unaisikia, inakuwa nzito kuondoka, na usukani ukiukata hadi mwisho tairi inakwangua plastiki ya ndani ya bampa. Nikarudi kwenye 215/45R17, milimita 625, na sijajuta. Watu wanasahau kwamba Integra Type R ya 1995, lita 1.8 na farasi 200, ilitoka kiwandani na tairi za 195/55R15, nyembamba hivyo, na mpaka leo inatajwa kama moja ya gari bora za kuvuta mbele, na ndani yake kulikuwa na LSD ya helikali (aina ya gia tupu, nitaieleza chini). Wale waliyaangalia yote mawili pamoja.

Alafu kuna rimu, na hapa watu wanaumia bila kujua. Ukiweka rimu yenye ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa bolti) ndogo kuliko ya kiwandani ili gurudumu litoke nje lionekane linakaa vizuri, unaongeza umbali kati ya katikati ya gurudumu na ule mstari ambao gurudumu linauzungukia ukikata usukani. Kwenye difu ya kawaida unaweza usigundue sana kwa sababu torki ni sawa pande zote, kushoto inavuta usukani huku, kulia inavuta kule, zinauana. LSD inafanya torki zisiwe sawa, basi ile tofauti inazidishwa na huo umbali na inakuja moja kwa moja mikononi mwako. Ndo mana Ford Focus RS ya 2002, iliyokuwa na difu ya Quaife, ilisifika kwa kumpokonya dereva usukani, na ndo mana ile iliyofuata ya 2009 wakaibadilisha nakoo ya mbele (chuma kinachoshika gurudumu na kugeuka nalo) ili ule mstari usogee karibu na katikati ya gurudumu. Renault walishafanya jambo kama hilo kwenye Megane zao za RS, na Honda wakafanya kwenye Civic Type R ya 2017. Kampuni kubwa zinahangaika kupunguza milimita, wewe unakuja na rimu zako unaziongeza tena 10 upate picha. Mi nilitoka ET 45 nikaenda 35, nikarudi 45 ndani ya wiki mbili.

Sasa difu zenyewe. Nitaongelea mbili kwa urefu kwa sababu ndo zenye maana, ile ya viskasi yenye majimaji ya silikoni ndani (Ford Escort RS Turbo ya 1985 ilikuwa nayo) inachelewa, inasubiri tofauti ya mizunguko itokee ndo ishike, na ikizeeka inachoka, sioni mtu anayeitafuta leo.

Ya helikali haina plati, ni gia tupu zenye meno ya mshazari zinazojibana zenyewe torki ikipita. Kazi yake ni kuzidisha. Ina uwiano wake, tuseme 3 kwa 1, basi kama ya ndani inabeba Nm 100 ya nje inaweza kupewa mpaka 300, jumla 400 badala ya zile 200 za mwanzo. Inaingia taratibu, huisikii, haigongi kwenye kupaki, haina cha kuisha kwa haraka, unaifunga unaisahau. Ubaya wake uko kwenye neno hilo hilo la kuzidisha, sifuri mara 3 ni sifuri. Tairi ya ndani ikinyanyuka kabisa hewani, mfano umepanda ukingo wa uwanja, difu inakuwa kama haipo mpaka irudi chini. Nyingine zinawekewa springi ndani ili pawe na mkazo kidogo wa kuanzia, inasaidia, sio sana.

Ya plati haijali tairi iko hewani au la. Ina plati zinazobanwa na rampu, ukikanyaga mafuta rampu zinasukumana, plati zinabana, pande mbili zinafungana. Pembe za rampu ndo zinaamua ukali, ya digrii 45 inabana kwa nguvu kuliko ya 60, ikikaribia 90 ni kama haibani. Njia moja inabana ukikanyaga mafuta tu, njia mbili inabana hata ukiachia, njia moja na nusu ni katikati, inabana kidogo ukiachia. Kwa gari ya kuvuta mbele mtu asikuuzie njia mbili, ukiachia mafuta kuingia kona difu inafunga mbele, na mbele iliyofungwa haitaki kukata kona, unarudi kwenye andastia uliyokuwa unaikimbia.

Na kuna kitu cha gari za mbele ambacho wenye gari za nyuma hawana habari nacho, kwetu difu inakaa ndani ya gia boksi, inakunywa oili moja na gia. Plati zikisagika, unga wake unatembea kwenye beringi na sinkronaiza zako (pete zinazofanya gia ziingie laini). Na ile dawa ya kupunguza msuguano inayowekwa ili plati zisigonge inaweza kufanya sinkronaiza zisishike vizuri, gia zinaanza kukwaruza ukibadilisha haraka. Kwa hiyo oili ya kuchagua inabidi ipendwe na wote wawili, na ukiwa na plati uibadilishe mara kwa mara. Mi hiyo peke yake ilinitosha kuchagua helikali, gari naiendesha kila siku, siko tayari kushusha gia boksi kila msimu eti plati zimechoka.

Kwa tairi za kundi la 200, farasi 200, bila tabo, helikali inatosha na kubaki. Ukiwa na tairi za mbio kabisa, springi ngumu, gari inapanda kingo na kunyanyua magurudumu, hapo plati ina sababu. Ukiwa na tairi za safari kama zangu za mwanzo, jamani, usinunue chochote, nunua tairi.

Kuna gari mpya zinakuja na ujanja wa breki, kompyuta inabana breki ya tairi ya ndani ili torki ipatikane ya nje. Barabarani inafanya kazi vizuri sana. Uwanjani dakika kumi na tano pedi zinanuka, mana unatumia breki kuongeza mwendo, fikiria. Hiyo usiichanganye na ile ya Golf GTI Performance ya 2013 au ya Hyundai i30 N Performance, hizo zina klachi halisi inayoamriwa na kompyuta, ni LSD kamili na zinafanya kazi nzuri, kama gari yako inayo huna haja ya kusoma haya yote.

Kwenye kufunga sitakaa sana. Gia boksi inashuka, difu inatoka, gia kubwa inahamishwa kwenye difu mpya na bolti zake zinafungwa kwa torki spana, sio kwa mkono wa fundi. Weka beringi mpya na sili mpya, ni upuuzi kurudisha za zamani kazi ikiwa imeshafika hapo. Mkazo wa beringi unapimwa na kurekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Mara ya kwanza fundi wangu aliziacha shimu zile zile bila kupima, gia boksi ikaanza kuimba kwenye spidi 80 na ikabidi ishuke tena, kwa hiyo ulizia hilo kabla hujaacha funguo. Na klachi ikiwa imefika katikati ya umri wake badilisha hapo hapo.

Jingine, ukishakuwa na LSD usinyanyue gurudumu moja la mbele kwa jeki alafu uweke gia na kuwasha injini. Lile lililo chini linaweza kupewa torki na gari ikaruka kwenye jeki. Na spea ile nyembamba ya dharura usiifunge mbele, kipenyo chake ni tofauti, difu itakuwa inafanya kazi mfululizo hata kwenye barabara iliyonyooka na inapata moto bure. Pancha ikitokea mbele, toa tairi nzima ya nyuma ilete mbele, spea ikae nyuma. Kazi mara mbili, najua. Kwa sababu hiyo hiyo tairi mbili za mbele ziwe aina moja na ziwe zimeisha sawa.

Nyuma msiidharau. Nilishawahi kuweka laini mbele na kuacha zile ngumu nyuma, nikisema nyuma zinafuata tu. Kwenye mkavu ilikuwa raha, gari inageuka kama mkia wa samaki, siku ya kwanza ya mvua niliachia mafuta katikati ya kona na nikajikuta naangalia nilikotoka. Weka nne za aina moja. Na za nyuma zinachelewa kupata joto, hazivuti wala hazibrekishi sana, mizunguko miwili ya mwanzo kuwa mpole hata kama za mbele zinakwambia twende.

Upepo naanza na psi 29 mbele zikiwa baridi, nikitoka uwanjani zinasoma 35 mpaka 36, ikizidi hapo natoa. Kemba ya mbele (tairi kulala kwa juu kuelekea ndani) nimeweka digrii 2 na nusu hasi, too sifuri, yaani tairi zinaangalia mbele moja kwa moja. Na kilichomaliza ile shida ya tairi ya ndani kunyanyuka kwenye helikali wala sio difu, ni stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Ukiikaza nyuma inabeba sehemu kubwa ya mlalo, tairi ya nyuma ya ndani ndo inanyanyuka badala ya ya mbele, na ya nyuma ikinyanyuka haivuti chochote kwa hiyo hupotezi kitu. Nilipofunga hiyo, kona ile ya gia ya pili iliyonisumbua mwaka mzima nikaitoka kwa mafuta yote na tairi zote mbili zinavuta, usukani unakaza kidogo unanivuta ndani ya kona, nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Jamaa nilimwambia anitumie picha ya ubavu wa tairi zake za mbele kabla hajanunua kitu. Katuma. Moja kampuni hii, nyingine kampuni ile, na zile tarakimu nne za tarehe kwenye moja zinasoma 0815, yaani wiki ya 8 ya mwaka 2015, kashata (meno ya tairi) bado zimejaa tele ndo mana hajawahi kuzitilia shaka. Akaniuliza tena, sasa helikali ama plati?